Shangani Ilikozaliwa Sauti

Ukishuka boti Malindi, masikio hufika mjini kabla ya macho. Mkokoteni wa mpagazi unagonga mawe, mwenyewe anapiga kelele "Njia! Njia!" nyuma ya kisogo chako. Muuza kahawa anagonganisha vikombe viwili vya kauri katikati ya vidole, tiki-tiki, tiki-tiki. Na kama jua limefika utosini, adhana itapanda kutoka msikiti mmoja, ufuate wa pili na wa tatu, kila mmoja ukichelewa pumzi moja nyuma ya mwenzake, mpaka juu ya mapaa ya mabati kunatanda sauti za wanaume wasioonana. Nimeingia Unguja mara nyingi, na bado husimama kidogo nje ya geti la bandari, mizigo mkononi, nikisikiliza.

Safari hii nilikuwa namfuata mtu niliyemwimba kabla sijamjua. Shuleni kwetu bara, timu ikishinda, tulirudi madarasani tukiimba kiitikio cha ule wimbo wa mabingwa unaoimbwa katika viwanja vya dunia nzima. Kiingereza tulikibananga. Kila mtu alikuwa na maneno yake, na hakuna aliyejali, kwa sababu sauti ilipanda pale pale kwa wote, na ilipopanda vifua vilijaa. Ilipita miaka mingi ndipo nikaambiwa kwamba aliyeutunga, mwaka 1977, alizaliwa ng'ambo ya maji tu, mwendo wa saa mbili kwa boti kutoka Dar es Salaam.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali hapa mjini. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa serikali ya Kiingereza katika Mahakama Kuu. Mama yake aliitwa Jer, na mdogo wake, Kashmira, akazaliwa mwaka 1952. Walikuwa Waparsi, na jina lao la ukoo linatokana na Bulsar, mji wa Gujarat. Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zarathustra ambao wahenga wao walihama Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakatua pwani ya India, na huko wakautunza moto wao na sala zao. Unguja walikuwa wachache, watu wa ofisi na hesabu, nao walikuwa na hekalu lao la moto.

Mtu wa Makunduchi akisoma hayo hatashangaa sana. Kule kusini mwa kisiwa, kila Julai, watu hukoga mwaka. Wanaume huchapana kwa mashina ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiishe, wanawake huimba wakizunguka uwanja, na kibanda cha makuti huwashwa moto watu wakitimua vumbi. Siku hiyo huitwa Nairuzi, na hesabu yake ni ya jua, ya Kiajemi. Waparsi nao wana Navroz yao. Neno ni lile lile, limefika kisiwani kwa njia mbili za bahari na kwa karne tofauti, na pande zote mbili hulitamka kama la nyumbani.

Kutoka Forodhani kwenda Shangani unapita chini ya jengo la watoto yatima, pale ambapo barabara imetobolewa katikati ya nyumba. Ndani ya tundu hilo kuna giza na ubaridi wa ghafla, na kila hatua ya kiatu inarudi masikioni mara mbili. Ukitokea upande wa pili uko Barabara ya Kenyatta: maduka ya vinyago na vitenge, Posta ya zamani, roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya kushonwa kwa sindano. Milango ya hapa inastahili kutazamwa kwa karibu. Ile ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi kimechongwa aya. Ile ya Kihindi imepinda juu kama upinde, na mbao zake zimepigwa misumari mikubwa ya shaba yenye ncha. Niliweka kiganja juu ya msumari mmoja saa tano za asubuhi. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai, na ncha yake imesagika kwa mikono ya watu mpaka imekuwa butu kama kidole gumba.

Katika mtaa huo, tangu Novemba 2019, kuna jumba dogo la makumbusho yenye jina la Freddie Mercury, jina ambalo Farrokh alikuja kujulikana nalo duniani. Vijana wanaotembeza wageni huita "Fredi! Fredi!" toka mbali. Ndani ni picha kwa sehemu kubwa, na picha moja ilinishika: mtoto mchanga mnono, macho makubwa meusi, anaitazama kamera bila woga wala haya. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya zile za majukwaani. Hata hivyo nakiri kwamba nyumba yenyewe haikunipa nilichokuja kutafuta. Kuta hazisemi. Nilitoka nikaenda kukaa barazani, jirani na mzee mmoja aliyevaa kanzu na kofia ya kiua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kwa Fredi?"

"Nimekuja kwake, na kwenu pia."

"Basi kaa."

Akanisogezea nafasi. Alisema yule kijana hakumjua, watoto wa Kiparsi walikuwa na shule zao na mambo yao. Alichokumbuka yeye ni senema. "Majestic pale Vuga, na Empire, na Sultana. Picha ya Kihindi ikija, siku ya tatu mji wote unaimba. Nyimbo za Lata tukizijua neno kwa neno, na Kihindi hatukijui! Mpaka leo sikijui." Halafu akaanza kuimba mmoja, kwa sauti ya chini, macho kayafumba, kidole cha shahada kikipiga mdundo juu ya kichwa cha bakora. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu, lakini kila alipofika kwenye mzunguko wa koo, pale Lata Mangeshkar alipokuwa akiikunja noti moja mara tatu, naye aliikunja mara tatu. Kijana wa duka la jirani alizima redio yake kumwachia nafasi.

Barazani pale nilipata nilichokuwa nikikitafuta. Huu ni mji wa watu wanaopenda nyimbo za lugha wasiyoisema, na wamekuwa hivyo kwa karne nzima na zaidi. Maulidi ya Barzanji husomwa usiku kucha kwa Kiarabu na watu wasioweza kununua nyanya kwa Kiarabu, na wanapofika mahali pa kusimama, wengine hulia. Taarabu yenyewe iliingia kupitia jumba la Sultani Barghash ikiwa ya Kiarabu, na miaka mingi iliimbwa hivyo mbele ya wasikilizaji Waswahili. Aliyeigeuza kwa nguvu zote kuwa ya Kiswahili ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, na santuri zake za kwanza hazikurekodiwa hapa. Mwaka 1928 alipanda meli na wapigaji wake, akaenda kuimba Kiswahili Bombay.

Farrokh alipanda meli ya upande huo huo akiwa na miaka minane. Wazazi wake walimpeleka shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, milimani mbali kidogo na Bombay. Fikiria mzigo wa lugha aliokwenda nao mtoto huyo: Kigujarati cha nyumbani, Kiingereza cha shule ya misheni, Kiswahili cha mtaani, nyimbo za Kihindi za senema, adhana mara tano kwa siku, na sala za dini yake, ambazo mtoto wa Kiparsi huzihifadhi kwa Kiavesta, lugha ambayo hakuna mtu duniani anayeizungumza nyumbani kwake. Huko shuleni alisomea piano, wenzake wakaanza kumwita Freddie, na mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na miwili, wakaunda bendi ya wanafunzi, The Hectics, wakipiga nyimbo za akina Little Richard na Cliff Richard. Wenzake wamesimulia kwamba akisikia wimbo redioni mara moja, alikwenda kuketi kwenye piano akaupiga.

Alirudi nyumbani mwaka 1963. Miezi hiyo ndiyo ninayoifikiria zaidi nikitembea Shangani: kijana wa miaka kumi na saba, mwembamba, ana rock and roll kichwani na bahari mlangoni, katika mji ambao siasa zilikuwa zimeuchemsha kila baraza. Uhuru ulikuja Desemba 10. Mapinduzi yakaja usiku wa kuamkia Januari 12, 1964. Mwaka huo huo familia ya Bulsara iliondoka na masanduku machache, ikafikia Feltham, magharibi ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Huko kijana akabeba mizigo, akasoma usanii wa michoro katika chuo cha Ealing mpaka 1969, akauza nguo za mitumba soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, na mwaka 1970 akajiunga naye na mpiga gitaa Brian May. Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen, na yeye mwenyewe akajiita Mercury. John Deacon na besi lake akaja mwaka uliofuata.

Jioni nilikwenda Vuga, ambako Culture Musical Club, chama cha taarabu kilichoanza 1958, kina nyumba yake. Viatu nje, mkeka, feni inayozunguka kwa uvivu. Fidla ziliketi safu moja, nyuma yake akodiani, udi na dumbak. Kanuni ililazwa mapajani mwa mpigaji, nyuzi zake zaidi ya sabini zikiwa zimepangwa tatu tatu kwa kila noti, naye alikuwa amevaa pete mbili za chuma kwenye vidole vya shahada, na kila pete imebana kipande chembamba cha kudonolea. Alipokuwa akitafuta sauti alidonoa uzi mmoja, akasikiliza, akageuza ufunguo mdogo chini ya upana wa ukucha, akadonoa tena. Dakika kumi hakutazama mtu. Kisha wakaanza. Ala peke yake kwanza, ndefu, bila haraka. Mwimbaji ameketi mikono mapajani kama mgeni. Alipoinuka, wimbo ulikuwa umekwishageuka mara mbili. Akaimba ubeti, waitikiaji wakapokea, fidla zikamjibu, mwendo ukabadilika, ubeti mwingine. Nilitazama saa pale walipomaliza: dakika kumi na mbili. Hakuna aliyeona ni ndefu.

Mwaka 1975 London iliona dakika sita ni nyingi mno. "Bohemian Rhapsody", aliyoitunga Mercury kwa ajili ya Queen, haina kiitikio. Inaanza kwa sauti tupu bila ala, inaingia kwenye piano na maungamo ya mtoto kwa mama yake, inavunjika na kuwa opera, inalipuka kwa gitaa, halafu inazima taratibu. Waliofanya biashara ya santuri waliambiana redio hazitaipiga. Ilikaa juu ya chati ya Uingereza wiki tisa. Ile kwaya nzito ya katikati ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti juu ya sauti kwa siku nyingi, mpaka utepe wa sumaku ukachakaa kwa kupitishwa mashineni. Na ndani ya kwaya hiyo, kati ya majina ya Kiitaliano, limekaa neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulitamka kabla ya tonge la kwanza. Mwingereza amelichambua miaka na miaka. Mtu wa hapa akilisikia, hugeuza kichwa kama aliyeitwa na jirani.

Sidai kwamba Mercury alijifunza opera Shangani. Yeye mwenyewe aliuzungumzia utoto wake wa hapa mara chache sana, na mashujaa wake wa muziki walikuwa wengi: Jimi Hendrix, ambaye Mercury alimfuata kwenye maonyesho tena na tena, Aretha Franklin, na nyimbo za majukwaa ya Broadway. Ninachodai ni kuhusu sikio. Sikio lililolelewa katika mji huu halina mlango wa kufungia lugha ya mwenzake. Fuata kazi yake mwaka kwa mwaka utaona hakai kwenye kiti kimoja. Santuri ya kwanza, 1973, ni rock nzito. Mwaka 1976 yumo kwenye kwaya ya injili ya Wamarekani weusi katika "Somebody to Love". Mwaka 1978 anafungua santuri ya Jazz kwa "Mustapha", wimbo alioutunga mwenyewe, unaoanza kama mtu aliyepanda mnarani na kuendelea kwa maneno ya Kiarabu na mengine yasiyo ya lugha yoyote. Waingereza wengi waliuona kioja, mimi nausikia kama mtoto wa mtaani kwetu anayeigiza sauti zote za mji wake kwa mpigo. Mwaka mmoja baadaye anapiga gitaa na kuimba kama Elvis. Mwaka 1982 ni disko, na mashabiki wengi hawakuipenda. Akasonga mbele.

Halafu kuna usiku wa Budapest. Julai 27, 1986, Queen walipiga katika uwanja mkubwa wa mpira wa Hungaria, nchi iliyokuwa bado chini ya ukomunisti. Katikati ya onyesho Mercury aliketi na May na gitaa tupu, akaimba wimbo wa kale wa Kihungaria. Hakujua Kihungaria. Aliyaandika maneno kwenye kiganja chake, na filamu ya usiku ule inamwonyesha akiinua mkono wa kushoto, anachungulia, anaimba mstari, anachungulia tena. Uwanja mzima ukaupokea wimbo kutoka kwake. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nauona mkono wa mzee wa barazani, kidole juu ya bakora.

Miaka miwili baadaye alitoa santuri ya Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania. Humo ameimba Kihispania na Kijapani. Alikuwa tayari mgonjwa.

Novemba 23, 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafariki, akiwa na miaka 45. Makuhani wa dini ya wazazi wake walimsomea sala kwa Kiavesta, kule magharibi ya London. Alikuwa ameuficha ugonjwa wake mpaka mkesha wa kifo chake, na magazeti ya Uingereza yalimwandama kwa hilo. Sisi watu wa pwani tuna neno la jambo hilo, nalo ni sitara, na si neno la aibu. Mtu husitiriwa akiwa hai, na akifa husitiriwa zaidi. Lakini mji wake ulichanganya kusitiri na kunyamaza. Miaka mingi jina lake lilibaki kwenye mkahawa mmoja wa ufukweni na midomoni mwa watembeza wageni. Mwaka 2006 ilipopangwa sherehe ya kumkumbuka, mwaka ambao angetimiza miaka sitini, jumuiya ya kidini ilipinga kwa sababu ya maisha aliyoishi, na sherehe ikafutwa. Naiheshimu imani ya watu wa hapa. Nimekula katika sinia zao na kusimama nao kwenye mazishi. Ila mtoto hazaliwi mara mbili, na kitovu chake hakihami. Nafurahi kwamba leo mwanafunzi wa Mji Mkongwe anaweza kupita Barabara ya Kenyatta, akaona ile picha ya mtoto mnono mwenye macho makubwa, na kujua kwamba sauti iliyowainua watu 72,000 katika uwanja wa Wembley, London, mwaka 1985 ilitoa kilio chake cha kwanza katika mji anaokaa yeye.

Zile dakika ishirini hivi ambazo Queen walipiga Wembley zina kitu ambacho watu wa ngoma watakitambua mara moja. Katikati, bila ala, Mercury alitupa sauti isiyo na neno hata moja, uwanja ukairudisha. Akaitupa ndefu zaidi, ikarudi. Hakuna lugha iliyohitajika.

Jioni yangu ya mwisho nilikuwa Forodhani. Majiko ya mkaa yalikuwa yanawashwa, juisi ya miwa inakamuliwa kwa mkono, nami nina bakuli la urojo lenye chatne nyingi kuliko nilivyoomba. Vijana wa makachu, mchezo wa kurukia baharini, walikuwa wamepanda ukutani, kaptula zimelowa, wakisubiri watu wajae. Mmoja, labda wa miaka kumi na minne, alijitenga na wenzake akapanda juu zaidi kuliko wote. Hakuruka. Alisimama kifua mbele, jua la magharibi nyuma yake, mkono mmoja juu, akiwatazama watu mpaka wote wakamtazama. Palikuwa na wageni wa Kiitaliano, familia ya kutoka Oman, wanafunzi wa Chukwani na mabuibui yao, akina mama wa Pemba waliongoja boti ya usiku.

"Uno!" akapiga kelele kijana.

"Uno!" wakajibu wote, wakiwemo akina mama wa Pemba.

"Due!"

"Due!"

Akashusha mkono taratibu, akawaacha wangoje. Mtoto mdogo aliyebebwa mabegani akashindwa kuvumilia, akaitaja tatu peke yake kwa Kiswahili, na yule kijana akapinduka hewani mara mbili kabla maji hayajampokea.